Msimwongezee Kinga

Kama kungekuwa na sheria ya kumfunga mtu kwa kutoa ushauri ambao hakuombwa, mtaa aliokuwa akiishi Mwalimu Breki ungebaki na mbwa na kuku tu. Muuza mboga alimwambia atafune vitunguu saumu vibichi, kinga ipande. Fundi viatu alimwambia aoge maji ya baridi alfajiri, kinga iamke. Jirani wa ukuta mmoja alimletea majani makavu yaliyofungwa kwenye gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto.

"Kinga yako imeshuka, dada yangu. Ndiyo maana miguu inakufa ganzi."

Naye alijibu jibu moja kwa wote. Mwanzoni alilitoa kwa tabasamu, baadaye bila tabasamu, na siku hizi alilitoa meno yakiwa yamekutana: "Kinga yangu haijashuka. Kinga yangu ndiyo inayonila."

Walitikisa vichwa kwa huruma, kisha wakasema, "Basi hata mdalasini."

Jina la Mwalimu Breki alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali mbili za ziada upande wa abiria, ya klachi na ya breki. Hiyo ya breki aliikanyaga bila huruma. Mwanafunzi akichelewa kusimama, kabla hajajua kosa lake, gari lilikuwa limeshasimama na moyo wake umeshafika kwenye kioo cha mbele. Alikuwa mjane, binti yake ameolewa mbali, na sauti yake ilifika mwisho wa uwanja wa mazoezi bila kipaza sauti.

Ugonjwa ulianzia jichoni. Mwanafunzi alikuwa amesimama kwenye taa za barabarani, na Mwalimu Breki akaona taa nyekundu imepauka kama shati lililofuliwa mno. Akafumba jicho moja, kisha la pili. La kushoto liliona wekundu wa kawaida. La kulia liliona rangi ya tofali kuukuu, na kila alipoligeuza liliuma kwa ndani. Alipewa miwani, na miwani haikusaidia kitu, kwa kuwa jicho lenyewe halikuwa na kosa. Baada ya majuma kadhaa likajirudia lenyewe, naye akalisahau. Mwaka uliofuata tumbo lake likazungukwa na ganzi, kama amefungwa kitambaa kibichi kikamkaukia mwilini. Hapo ndipo alipopelekwa kupigwa picha ya emarai, ile mashine ya sumaku inayoonyesha ubongo na uti wa mgongo, akadungwa sindano ya mgongoni, na mwisho akafikishwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Ugonjwa ukapewa jina: multipo sklerosisi, emu-esi kwa kifupi.

Ziara ya pili daktari alivuta kalamu, akaanza kuchora. "Chukulia mwili wako ni nchi, na seli nyeupe za damu ni jeshi..."

"Daktari," Mwalimu Breki alimkatiza, "samahani sana. Muuguzi wa mapokezi kaniambia ni mbwa wanaomng'ata mwenye nyumba. Shemeji yangu kaniambia ni kama serikali inayopiga raia wake, akaanza na siasa humo humo. Mifano nimeshiba. Mimi nafundisha watu kuendesha. Siwaambii klachi ni kama ndoa. Nawaambia klachi ni klachi. Nipe kitu chenyewe."

Daktari alicheka, akaweka kalamu chini, akampa kitu chenyewe. Katika damu mna seli nyeupe za aina nyingi. Zile ziitwazo seli T hufundwa zikiwa changa, kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, zijue kipi ni cha mwili na kipi ni kigeni. Zile zinazokosea, zinazouona mwili wenyewe kuwa mgeni, zinatakiwa ziondolewe huko huko. Chache huponyoka. Kila mtu anazo, na kwa wengi hukaa kimya mpaka mwisho wa maisha. Kwake yeye baadhi zilikuwa zimeamka. Zilipenya kuta za mishipa ya damu, zikaingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikakuta nyuzi za fahamu zimevikwa utando wa mafuta, zikaudhania utando huo kuwa adui. Zikaita nyingine. Mahali hapo pakavimba, utando ukamomonyoka, na ujumbe unaopita kwenye uzi ulio uchi ukawa unachelewa, au haufiki kabisa.

"Na hizi seli B nilizozisoma?"

"Zamani tulidhani kazi yao kubwa ni kutengeneza kingamwili. Kumbe pia zinaziendea seli T, zinazionyesha vipande vya huyo adui wa uongo, na kuzipigia debe..."

"Huo si mfano huo?"

"Samahani. Zinaziamsha."

"Kwa nini mimi?"

"Vinasaba kidogo. Virusi fulani vya utotoni, huenda. Mengine hatuyajui."

Vidonge vya kwanza havikuushika ugonjwa. Picha mpya zilionyesha madoa mapya meupe ubongoni. Daktari akaamua kumhamishia kwenye dripu inayoondoa seli B kwenye damu, mara mbili kwa mwaka, lakini ilibidi vidonge vya zamani viachwe kwanza na mwili uvisahau. "Hapo katikati utakuwa huna kitu," alimwonya. "Siku ya dripu usikose."

Katika kipindi hicho cha kutokuwa na kitu ndipo alipofika Dada.

Dada alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. Mama yao alifariki Mwalimu Breki akiwa bado anajifunza kutembea, na ni Dada aliyembeba, aliyemwogesha, aliyekataa mchumba wa kwanza mpaka mdogo wake amalize shule. Kwa hiyo Mwalimu Breki alimwita Dada kwa namna watu wengine wanavyomwita mama, na kumjibu kwa ukali hakukuwemo katika mambo yanayowezekana. Zaidi ya hayo, Dada alikuwa amestaafu umatroni wa bweni la wasichana. Mtu aliyekuwa matroni hastaafu. Aliingia na masanduku mawili na kopo la maziwa lililojaa unga wa kijani, akachungulia chini ya kitanda kabla ya kukaa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekonda. Kinga imeshuka."

Unga ule, alieleza, ulitengenezwa na rafiki yake kwa mizizi na majani, naye alijua hata mgonjwa aliyekuwa ameshapigiwa hesabu ya jeneza akaamka akaomba chakula.

"Dada," Mwalimu Breki alisema polepole, kama anayemweleza mwanafunzi wa siku ya kwanza, "daktari anataka kuishusha kinga yangu. Wewe unataka kuipandisha. Mtakuwa mnavutana kamba, na kamba ni mimi."

"Daktari mwenyewe mtoto. Mimi nimetibu bweni zima."

"Wasichana wako walikuwa na mafua."

"Na mafua ni nini kama si kinga?"

Kuna maswali ambayo ukianza kuyajibu unalala nayo. Badala yake Mwalimu Breki alimtaka Dada aape kwamba kopo lile halitafunguliwa ndani ya nyumba hii.

"Haya," Dada alisema.

Sasa, aliyelelewa na matroni anajua kwamba "haya" si "ndiyo". Lakini Mwalimu Breki alikuwa amechoka. Uchovu wa ugonjwa ule haukuwa wa kulala ukaamka nao umekwisha. Ulimkuta kitandani asubuhi, umeshavaa viatu unamsubiri. Akaichukua ile "haya", akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo chai ya nyumbani ikawa na tangawizi ya kukwangua koo, na supu ya jioni ikawa na pilipili manga ya kutoa machozi. Alidhani ni uzee, kwamba ulimi wa Dada umeanza kupoteza ladha. Alikunywa.

Kazini nako hakukuwa na afueni. Mwanafunzi aliyemtesa zaidi wakati huo aliitwa Bucha, mwenye duka la nyama karibu na kituo cha polisi, pande la mtu lenye mikono iliyoweza kumgawanya ng'ombe bila kutazama. Mikono hiyo hiyo ikishika usukani ilitetemeka kama ya bibi harusi. Bucha aliongea na gari. Alilibembeleza. Alipolirudisha nyuma katikati ya mapipa alifumba macho.

"Bucha! Hilo pipa limekukosea nini?"

"Mwalimu, limenijia lenyewe."

"Pipa?"

"Nimeliona kwenye kioo likija."

Jua likipanda, mambo yalizidi. Joto lilikuwa baya kwake kuliko dhambi: jicho la kulia lilitia ukungu, miguu ikalegea kama matambara. Alijifunga taulo bichi shingoni, akaegemea boneti iliyokuwa ya moto vile vile, akafundisha. Mwenye shule alimwambia apumzike. Muuza maji akamwambia anywe ndimu. Bucha peke yake hakumwambia kitu, kwa sababu Bucha alikuwa na shida zake na gia ya pili, na kwa hilo Mwalimu Breki alimpenda kidogo.

Siku ya dripu ikafika. Aliamka akiwa karibu na furaha. Alivaa blauzi yenye mikono mipana ili sindano ipate njia, Dada akabeba kikapu cha matunda, wakaenda. Wodi ya dripu ilikuwa chumba kirefu chenye viti vya kulalia, kila kiti na mlingoti wake wa kutundikia chupa. Alishachagua cha dirishani. Alishavua viatu. Kisha muuguzi akaja kusema daktari anawaita.

Daktari alikuwa na majibu ya damu aliyoitoa mapema wiki ile. Hakuchora kitu.

"Vipimo vya ini vimepanda. Si kidogo. Unatumia pombe?"

"Sinywi."

"Dawa za maumivu?"

"Hapana."

"Mitishamba? Chochote cha kuongeza nguvu?"

"Hapana. Hilo nililipiga marufuku nyumbani kwangu."

Dada akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu anayeweka mkono mdomoni. Lakini Mwalimu Breki alikuwa amekaa miaka mingi kando ya watu wanaotaka kufanya kosa, na aliijua dalili ya kosa. Aligeuka.

"Dada?"

"Mimi nimekohoa tu."

"Dada."

"Kijiko kimoja. Kwenye chai."

"Kimoja?" daktari aliuliza.

"Na kwenye supu jioni."

"Cha chai au cha kulia?"

"Cha kulia."

"Cha kufuta au kilichojaa?"

Dada akatazama dari. "Mgonjwa humpimii kwa kufuta," alisema. Kisha akapata ujasiri, akakaa sawa kwenye kiti. "Lakini mwanangu, ini kupanda si ndiyo nguvu zinarudi?"

"Hapana, mama. Likipanda hivi maana yake linaumia."

Dripu haikuwezekana. Daktari alieleza bila kupandisha sauti: unga uachwe leo hii, damu ipimwe tena, ini likitulia ndipo waendelee. Majuma kadhaa. Hawezi kumwekea dawa nzito mtu ambaye ini lake linalia. Mwalimu Breki alisikia kila neno na hakulaumu hata moja. Alirudi wodini kuchukua viatu vyake. Kwenye kiti cha dirishani alikuwa ameshakalishwa mtu mwingine.

Ukumbini, baina ya benchi la wagonjwa na mlango wa choo, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alimpigia Dada kelele. Ile sauti ya mwisho wa uwanja.

"Umenilea, nakubali! Kila mtu anajua umenilea! Lakini mimi si bweni! Mimi ni mtu mmoja, nilikuomba neno moja, kwa lugha uliyonifundisha wewe mwenyewe! Nimekueleza jikoni, nimekueleza sebuleni, nimekueleza mpaka koo limekauka. Hizo seli zinanila hai, Dada, na wewe unazipikia supu!"

Benchi zima liligeuka. Mzee mmoja alivua kofia, kama aliyepita karibu na mazishi. Dada alikishika kile kikapu cha matunda kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Kisha akasema, "Haya," akatangulia mbele. Jioni yake masanduku mawili yalikuwa mlangoni, na usafiri ulikuwa umeshapatikana.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na Mwalimu Breki alikuwa na hakika kwamba mzigo wake ulionekana mwepesi kwa kila mtu. Lakini nyumba ilipokuwa tupu aligundua kwamba hasira ikikosa mtu wa kuikabili haifi, inazungukazunguka ndani ikigonga vyombo. Alimkasirikia Dada kwa kumdanganya. Alijikasirikia kwa kumpigia kelele mbele ya watu. Kisha akamkasirikia Dada upya kwa kumfanya ajikasirikie. Simu ilikaa mezani. Hakupiga. Wala Dada hakupiga. Wote wawili walikuwa wamelelewa na mtu mmoja, naye ni Dada.

Alirudi kazini, kwa sababu uwanjani angalau kulikuwa na watu wa kupigiwa kelele kwa haki. Mtihani wa Bucha ulikuwa unakaribia, naye akaamua kumtoa kwenye mapipa ampeleke barabarani. Asubuhi ilikuwa na mawingu, joto halijaanza. Walikwenda vizuri. Bucha alikuwa ameacha kuongea na gari. Alikuwa anahema tu.

Mbele yao lori la maji likasimama ghafla.

"Breki," Mwalimu alisema.

Bucha, kama kawaida yake, akachelewa. Naye Mwalimu, kama kawaida yake, akakanyaga.

Alidhani amekanyaga. Gari liliendelea. Alitazama chini akaona mguu wake wa kulia umelala juu ya zulia, umetulia, kama mali ya mtu mwingine aliyeisahau humo. Aliuamuru tena. Haukusikia.

"BUCHA! BREKI!"

Bucha alikanyaga kwa uzito wake wote. Matairi yakalia, gari likatikisika, likazima. Kati ya boneti na bomba la nyuma la lori palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba, matone, matone, yakilowesha namba ya gari.

Bucha aligeuka, jasho likimtiririka, uso wote ukimeremeta. "Mwalimu! Leo hukukanyaga! Umeniamini!"

Mwalimu Breki alilitazama lile pande la mtu lenye furaha, na hakuwa na moyo wa kumwambia ukweli.

"Nimekuamini," alisema. "Sasa washa gari. Nipeleke hospitali."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine humu?"

Bucha alimpeleka hospitali kwa gia ya pili mwanzo mpaka mwisho, akipigiwa honi na mji mzima, wala hakufumba macho hata mara moja. Alimbeba kutoka kwenye kiti mpaka mapokezi kama anavyobeba paja la ng'ombe, ila kwa upole. Kisha akatoa simu. "Nimpigie nani, Mwalimu?"

Aliutazama ule mguu. Halafu akamtajia namba ya Dada, ambayo aliijua kwa kichwa tangu zamani.

Walimlaza, wakamwekea dripu ya steroidi kutuliza uvimbe. Ini lilikuwa limeshapoa vya kutosha kuruhusu hilo. Dada alifika siku ya pili, mikono mitupu, bila kikapu, bila kopo. Hakumsalimia mdogo wake. Alimsubiri daktari apite, akasimama mbele yake pale miguuni pa kitanda.

"Ni mimi?"

Daktari alikuwa amekesha, ilionekana machoni. Alivuta kiti akakaa ili wawe sawa. "Unga wako ulichelewesha dripu, mama. Hilo nalijua. Lakini dripu yenyewe haifanyi kazi siku ile ile, na vidonge vya zamani alikuwa ameshaviacha. Huenda shambulio hili lingekuja hata hivyo. Kama unga uliziamsha seli zile, au haukuziamsha, hakuna kipimo cha kuniambia."

"Kwa hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Sijui."

"Umesoma miaka yote hiyo!"

"Ningekuwa na jibu ningekupa uende nalo. Sina."

Dada alimtazama daktari akiondoka kwa namna aliyokuwa akiwatazama wasichana waliorudi bwenini wamechelewa. Kisha akakaa. Akanyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana. Mwalimu Breki alifumba macho, akajiandaa kwa lolote.

"Nieleze tena," Dada alisema. "Tangu mwanzo. Safari hii nasikiliza."

Akaeleza. Alikuwa amechoka, amevimba uso kwa steroidi, mdomo una ladha ya chuma, na ilikuwa mara ya ngapi sijui, lakini akaeleza: damu, seli T, tezi ya kifuani, utando wa mafuta. Na Dada alisikiliza, ila alisikiliza kwa kuuliza, na kila swali lilikuwa la kupandisha mori.

"Hizo seli zinazaliwa wapi?"

"Kwenye uboho wa mifupa."

"Yangu na yako?"

"Kila mtu na zake, Dada."

"Sasa zimetoka kwako mwenyewe, zimefundishwa ndani yako mwenyewe, na bado hazikujui?"

"Hazinijui."

"Na ukiziongezea nguvu?"

"Zinakuwa na nguvu ya kutonijua zaidi."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu. Dada alipoongea tena hakumtazama mdogo wake.

"Mama alipougua, wakubwa waliniambia nikae nisiguse kitu, wao wanajua. Nikakaa. Nilikuwa nimekubeba wewe mgongoni. Nilisikia ameniita akiomba maji, nikasema si wameniambia nisiguse. Akafa nimekaa." Alikunja kona ya shuka, akaikunjua. "Sasa huyu mtoto daktari ananiambia kitu kile kile."

Miaka yote hiyo Mwalimu Breki hakuwahi kulisikia jambo hilo. Hasira yake haikuyeyuka. Ilikuwa bado ipo, mahali pake, na sababu zake zote. Lakini aliusogeza mguu wake ulio mzima akampa Dada nafasi ya kukaa kitandani, na Dada akakaa, na hapakusemwa samahani kutoka upande wowote.

Ini lilirudi mahali pake, na dripu ikawekwa. Mguu nao ulirudi, lakini haukurudi wote. Alitembea na fimbo, kwa hatua ya kuchechemea, na daktari akamwambia waziwazi kwamba maisha ya wanafunzi yasitegemee tena mguu ule. Alibishana siku nzima. Kisha mwenye shule akamwekea kiti na mwavuli uwanjani, akamwachia mafunzo ya mapipa, na gari la barabarani likapewa mwalimu kijana. Mwalimu Breki alimchukia kijana yule kwa mwezi mzima, kwa kosa la kuwa na miguu miwili. Bucha alianguka mtihani mara mbili, wa tatu akafaulu, akaleta nyama nyingi hata jokofu likakataa kufunga.

Dada hakurudi tena kwenye nyumba yake mwenyewe; alihamia kwa mdogo wake. Kopo alilitupa mwenyewe. Jirani wa ukuta mmoja alipokuja na majani mengine kwenye gazeti, alikutana naye mlangoni, mikono kiunoni.

"Ni ya kuongeza kinga," jirani alisema.

"Kinga tunayo tele, mwenzangu. Tukipata mnunuzi tunauza. Unayo ya kupunguza?"

Ilipofika zamu ya dripu ya pili walikwenda pamoja, wakagombana njia nzima kuhusu dirisha la teksi. Daktari alikuwa na picha mpya ya emarai. Aliipachika kwenye kioo chenye mwanga, akaonyesha madoa ya zamani, yale yale, mahali pale pale. Mapya hayakuwepo.

"Basi amepona," Dada alisema.

"Hapana, mama. Ugonjwa umelala."

"Utaamka lini?"

"Dada!" Mwalimu Breki alisema.

"Nauliza tu."

"Pengine baada ya miaka," daktari alisema. "Pengine usiamke. Tutaendelea kuangalia."

Dada alivuta pumzi ndefu kupitia puani, ya mtu aliyeuziwa kitu nusu kwa jina la kizima. Wakaenda wodini. Kiti cha dirishani kilikuwa na mtu. Mwalimu Breki akapewa cha mlangoni, penye upepo na kelele. Muuguzi alitafuta mshipa mara ya kwanza akaukosa, mara ya pili akaupata. Chupa ikaanza kudondoka. Dada alilalamika kwamba inadondoka polepole mno, muuguzi akamwambia ndivyo inavyotakiwa, Dada akauliza nani kasema, na Mwalimu Breki akajifunika taulo usoni. Dakika chache baadaye akalitoa na kuomba saa. Jioni alikuwa na darasa uwanjani, wanafunzi wapya, wasiojua hata gari linawashwa wapi.